Paka Anayenena na Mkate wa Wishwa

Nilikuwa nimefika pale msichana anapoingia chomboni kumtafuta baba yake, chombo chenyewe kimeundwa kwa mifupa, paka yuko pamoja naye na bahari iko mbele yao, mara mdogo kuliko wote barazani akanivuta buibui. "Shangazi," akaniuliza, "paka huyo hunena Kiamu au Kiswahili cha skuli?"

Nikanyamaza. Kiamu ndiyo lahaja yetu ya Lamu. Kitabu kilichokuwa mkononi mwangu ni cha Kiingereza, nami nilikuwa nikikifasiri papo kwa papo, jicho moja ukurasani na jingine kwenye nyuso za watoto. Miaka yangu ya ualimu ilinifanya nimpe paka Kiswahili sanifu bila kufikiri. Mtoto hakuridhika. "Paka wa kwetu husema mato," akanisahihisha, "hasemi macho." Basi tangu usiku ule paka wetu husema mato, husema mai badala ya maji, na akimwita msichana humwambia "ndoo hapa", yaani njoo. Mara ya kwanza waliposikia ndoo walicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Mara ya pili hawakucheka. Walikuwa wamesogea, magoti yamegusana, wanamsikiliza paka wa mtaani kwao.

Kitabu hicho ni The House of Rust, yaani Nyumba ya Kutu, cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Mswada wake ulishinda tuzo ya Graywolf kwa waandishi wa Afrika mwaka 2018, kitabu kikatoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata kikatwaa tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Msichana wake ni Aisha, mtoto wa ukoo wa Kihadhrami, ana bibi anayetaka atulie aolewe, na baba mvuvi aliyekwenda baharini asirudi. Wauzaji hukipanga pamoja na riwaya za watu wazima. Mimi nakitia mkononi mwa mtoto yeyote wa miaka kumi na tatu asiyeogopa sentensi ndefu. Nusu ya pili ni nzito, hilo nakiri, na kuna kurasa ambazo nilizisoma mara tatu peke yangu kabla sijathubutu kuzifasiri. Lakini paka anayenena, kwa mtoto wa Lamu, si jambo la ajabu hata kidogo. Paka wetu hukaa gatini kama wazee, wanangoja madau yaingie, na kila mtoto hapa ana hakika kwamba wanajua zaidi ya wanavyoonyesha.

Tunasomea kwenye daka la nyumba yetu, Mkomani. Asiyejua nyumba za Lamu nimweleze: daka ni kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, mahali ambapo mgeni hukaa kabla ya kukaribishwa ndani. Ni Alhamisi baada ya Isha, kwa sababu siku hiyo chuo hufungwa na watoto hawana Kurani ya kuhifadhi usiku. Tulianza na watoto watano wa ndugu zangu. Sasa wanakuja hata kutoka Langoni, wakubwa wamewabeba wadogo, na daka likijaa wengine hukaa chini uchochoroni, punda wakipita wanawasukuma kwa mbavu.

Vitabu vinakaa ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo bibi zetu walipangia sahani za kaure na chupa za marashi. Sahani zimekwisha siku nyingi, nyingine zilivunjika, nyingine ziliuzwa. Vitabu vimeingia vizuri kama kwamba fundi alivipimia. Adui wao ni chumvi ya hewani, na mchwa. Kila mwezi navitoa vyote, navipangusa kwa kitambaa kikavu, nawasha udi kidogo. Sijui kama udi unafukuza mchwa, ila mama alifanya hivyo kwa misahafu nami sikuona sababu ya kuacha.

Kufika kwao Lamu ni safari. Kitabu kinatoka Nairobi au Mombasa, kinapanda basi, kinapita Malindi na Garsen hadi Mokowe, hapo kinashuka, kinaingia mtaboti, kinavuka, kisha kinapanda punda. Mwaka juzi boksi zima lililowa njiani. Aliyenitumia aliniambia si kosa lake, wa basi wakasema si lao, na wa mtaboti wakaapa kwamba walilipokea likiwa limelowa. Nilikwenda nalo darini nikafungua vitabu kimoja kimoja, nikavianika kivulini siku nne, watoto wakinisaidia kugeuza kurasa. Vilikauka vikiwa vimejikunja kama maji ya mlangoni Shela upepo ukivuma. Nilidhani havitatakwa tena. Watoto wakaviita vitabu vya mawimbi, na mpaka leo ndivyo vinavyogombaniwa kwanza.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na Sulwe.

Hiki ni kitabu cha picha cha Lupita Nyong'o, kilichotoka mwaka 2019 kwa michoro ya Vashti Harrison, na baadaye kikatafsiriwa kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Jina lenyewe ni la Kijaluo, maana yake nyota. Sulwe ni mtoto mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Dada yake ni mweupe na anapendwa na kila mtu. Sulwe anajaribu kujisugua kwa kifutio cha penseli, anajipaka vipodozi vya mama yake, anakula vyakula vyeupe akidhani rangi itaingia kwa tumbo. Halafu usiku nyota inamchukua na kumpa hadithi ya madada wawili, Usiku na Mchana, jinsi watu walivyomsema vibaya Usiku mpaka akaondoka zake, na jinsi dunia ilivyoteseka kwa mwanga usiokwisha mpaka Mchana akaenda kumrudisha.

Nilipokisoma mara ya kwanza peke yangu nilidhani ni kitabu cha watu wengine, cha watoto wa Marekani na wa Nairobi. Nilikosea sana. Sisi Lamu nyumba moja huzaa rangi tano. Kaka anaweza kuonekana kama aliyeteremka jana kutoka Shihr kule Yemeni, dada yake tumbo moja akaonekana kama mtu wa Bajuni au wa Tana, na hakuna aliye mgeni hapo. Tunajigamba kwa kuchanganyika kwetu mbele ya watalii. Lakini nenda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga usikilize wanawake wanavyoingia: "Mashaallah, mweupe!" Na kama si mweupe, huwa wanasema ana nywele nzuri. Mtoto wa pembeni, wa miaka sita, mweusi, amekaa hapo amekunja miguu, anasikia vyote. Harusini ndiyo usiseme. Bwana harusi anasifiwa kwa kazi, bibi harusi kwa rangi. Na katika maduka yetu, karibu na sabuni na dawa za meno, imepangwa ile mikebe midogo ya kujichubulia, na wasichana wa sekondari wanaijua bei.

Usiku ule nilipofika kwenye kifutio, mtoto wa jirani aliyekuwa ameegemea bega langu alinyoosha kidole akakiweka juu ya picha. Hakusema kitu. Kidole kilikaa pale, nami sikuweza kugeuza ukurasa. Kina kucha iliyotafunwa na hina iliyobaki nusu kutoka harusi ya shangazi yake. Nikangoja. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Inauma?" Nikamwambia inauma. Akauliza, "Inatoka?" Nikamwambia haitoki, na haitakiwi itoke. Akaondoa kidole, nikageuza. Tulipofika pale Usiku anaporudi, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Kitabu hicho amekichukua kwao mara saba. Nimezihesabu kwa sababu kila mara huja kuniaga nacho kifuani, "Shangazi, nimemchukua Sulwe," hasemi nimekichukua. Mama yake alinisimamisha njiani siku moja akaniambia mtoto amewakataza wageni kusema rangi za watoto wachanga. Alikuwa nusu anacheka na nusu amekereka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumkumbatia pale pale uchochoroni.

Naandika haya kwa kuwa kila nikitaja vitabu vipya vya watoto, watu wazima wenzangu hunijibu kwamba watoto wa siku hizi hawasomi. Si kweli. Watoto hawapati. Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini na nimeiona kabati ya vitabu ya skuli moja, siitaji, ambayo ilijazwa na wafadhili vitabu vizuri vya picha, ikatiwa kufuli ili visichafuliwe. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa safarini siku zote. Tulipofungua hatimaye, mchwa walikuwa wametangulia. Waliacha majalada, wakala ndani. Nilishika kitabu kikavunjika mikononi kama mkate wa mofa wa juzi. Nilikasirika siku ile na sijapoa.

Na bei. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ya Kenya ilivitia vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, vilivyokuwa havitozwi kabla ya hapo. Mzazi mwenye watoto wanne akishanunua vya kiada, habakizi hata shilingi ya hadithi. Mimi simlaumu.

Lakini kuna lawama inayotuhusu sisi walimu na waandishi wa Kiswahili, na hii nitaisema wazi. Vitabu vyetu vingi vya vijana vimeandikwa kwa ajili ya mtahini. Vinaanza na jua linalochomoza na ndege wanaoimba kwa sauti nyororo, kama insha za darasani. Kila ukurasa una methali tatu, zimepigwa msumari. Mtoto mbaya anaitwa jina linaloonyesha ubaya wake, na kufika ukurasa wa tano watoto wangu wameshaniambia atakavyokufa. Nimewahi kufunga kitabu kama hicho katikati na kuwauliza kitaishaje. Walinieleza mpaka hotuba ya mwalimu mkuu ya mwisho. Mtoto anayejua mwisho hana haja ya kusoma. Anasoma kwa sababu ya mtihani, na mtihani ukipita anakitupa, tunasema hasomi.

Hayati Ken Walibora alijua jambo hili. Siku Njema yake ilitoka mwaka 1996, ikawa kitabu cha mtihani kama vingine, lakini watu waliitunza. Nawajua wanaume wenye mvi, manahodha na wauza samaki, ambao ukiwatajia Kongowea Mswahili wanasimama kukueleza alivyotoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba yake, kana kwamba walikuwa naye barabarani. Methali zimo tele kitabuni mle, nazo hazikumzuia mtu. Hadithi ndiyo iliyowashika.

Kumtafuta baba. Nilichelewa kuliona, na aliyenionyesha ni mvulana wa gredi ya nane.

Ni mvulana mkimya. Baba yake ni fundi wa madau, alipata kazi Uarabuni, mwaka wa pili huu hajarudi. Simu inapigwa, pesa zinakuja, mtu mwenyewe haji. Mvulana aliniomba The House of Rust aende nacho nyumbani. Nikasita, maana Kiingereza chake si cha kutamba, ila nikampa. Kilikaa kwake wiki sita. Kiliporudi nikakuta kimetiwa alama za penseli, nukta ndogo ndogo pembeni, ukurasa baada ya ukurasa, nami nina kanuni kali kuhusu penseli vitabuni. Nilikwisha kufungua mdomo nimkemee. Kisha nikazifuata zile nukta. Kila palipo na nukta, mstari wake una neno baba.

Nilikifunga kitabu nikakirudisha kidakani. Hatukuzungumza.

Baada ya hapo nikaanza kuvitazama upya vitabu vyangu. Aisha anakwenda baharini kumfuata baba. Kongowea anavuka mpaka kumfuata baba. The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka mwaka 2019, inafanyika kisiwani Pate, hapo hapo tunapokwenda kuzika na kuoa. Msichana wake, Ayaana, hana baba, na anamchagua baharia mzee aitwaye Muhidin, anamfanya baba kwa hiari yake mwenyewe. Riwaya hiyo ni ya watu wazima na ina mambo ambayo simsomei mtoto, ila kurasa za mwanzo, za msichana mdogo na mikoko na bahari, nimezifasiri kwa wale wa miaka kumi na nne kwenda juu, na waliokuwa na jamaa Pate walijaa kiburi usiku mzima. Na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli mwaka 2021, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022: pale Yusuf ana miaka kumi na miwili, na baba yake ndiye anayemtoa, anampeleka kwa tajiri kwa sababu ya deni. Mtoto anadhani tajiri ni ami yake. Nilisoma sura ya mwanzo tu. Ni kitabu cha Kiswahili kilichonyooka, hakina hata sentensi moja iliyohitaji nisimame kufasiri, na bado ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote kukisoma kwa sauti.

Pwani hii imelea watoto wanaongoja. Musimu ulipochukua majahazi, wanawake walihesabu miezi. Sasa ni mkataba wa miaka miwili, na watoto wanahesabu kwa simu. Kwa hiyo waandishi waliotuandikia vizuri, kila mmoja kwa njia yake, wamefika kwenye mlango ule ule. Linaloniuma ni kwamba viwili kati ya vitabu hivyo, vilivyozaliwa kwenye maji yetu, bado viko kwa Kiingereza tu, na mtoto wa Lamu anavipata kupitia kinywa changu peke yake, siku ya Alhamisi, umeme ukiwepo. Khadija Bajaber aandike kwa lugha anayoitaka, na ninamshukuru kwa kila neno. Ninaowasihi ni wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam: mpeni Aisha mfasiri. Kama mmeweza kumfasiri Yusuf, mnaweza kumfasiri yeye.

Kabla ya vitabu hivi tulikuwa na nini cha kuwapa vijana? Tulikuwa nacho, tena kingi. Mwana Kupona binti Msham aliandika utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na mimi nauhesabu kuwa kitabu cha msichana, kimeandikwa na mama mgonjwa aliyejua hatakuwepo. Baadhi ya nasaha zake kuhusu mume siwezi kumpa binti wa leo bila kubishana nazo, na tunabishana nazo, wasichana na mimi, kwa heshima. Kisha Ustadh Mahmoud Mau wa hapa Lamu alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974, kuwaonya wasichana wasidanganywe na maneno matamu. Mama yangu alikuwa nao kwenye kaseti. Nakumbuka redio juu ya sanduku, wanawake wanakuna nazi, na sisi wasichana tukijifanya hatusikilizi. Tungo zake zilikusanywa kitabuni mwaka 2023, zimetoka Uholanzi, na nilipoziona zimepigwa chapa nzuri vile nilisikia sauti ya ile redio.

Vyote viwili ni wasia, lakini. Mkubwa anamwambia mdogo afanye nini. Hata Umbuji wa Mnazi wa marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, wa mwaka 1985, ambao watoto wanaupenda kwa ajili ya majina, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, wanayakariri wakiruka kamba, hata huo ni mzee anarithisha. Ni hazina, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila nilikuwa natafuta hadithi ambayo kijana mwenyewe yumo ndani anakosea, anaamua.

Basi nikawapa Liyongo.

Wengi wao walikuwa wamesikia vipande. Niliwasomea kwa kufuata utendi alioutunga Muhammad Kijumwa, mtu wa Lamu hapa hapa, mshairi na mchonga nakshi. Walipenda gereza kuliko vita. Fumo Liyongo amefungwa, atauawa, na mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa mjakazi, Saada. Walinzi wanakula kila kizuri. Ndipo Liyongo anapomtumia mama yake fumbo kwa shairi, na mama anapika mkate wa wishwa, pumba ambazo hata mlinzi mwenye njaa hazitaki, ndani yake ametia tupa ya kukerezea chuma. Saada anaubeba. Walinzi wanautazama, wanaudharau, wanauacha upite. Liyongo anaomba watu wacheze gungu nje kwa ngoma na pembe na matoazi, na kelele zikiwa juu, ndani yeye anakata minyororo.

Nilipofika mwisho wake, pale mwanawe mwenyewe anapopewa ahadi na mfalme, akamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba, daka lilikuwa kimya kabisa. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakufa hivyo hivyo, na watu wa mji wanashinda na kiu kwa sababu wanadhani yu hai. Nilimtazama yule mvulana wa gredi ya nane. Alikuwa ameinama, anachora kitu kwenye vumbi kwa kijiti. Nikaogopa kwamba nimefanya kosa.

Sauti ilitoka kwa mwingine, msichana wa miaka kumi na mitano, mwenye midomo myepesi, ambaye hunipa taabu na furaha kwa kiasi sawa. "Shangazi, na Saada?"

Nikamuuliza Saada vipi.

"Alikwenda wapi? Kila mtu kauliziwa. Mama kalia, mwana kafa, mfalme kafurahi. Saada ndiye aliyepita na tupa mbele ya walinzi. Wangeuvunja mkate je? Si angeuawa yeye kwanza?"

Nimeusoma utendi ule maisha yangu yote. Nimeufundisha. Nimetunga maswali ya mtihani juu yake. Sijawahi kusimama kwa Saada hata siku moja. Nilimwambia kweli, kwamba utendi haumrudii, na nikamuuliza yeye anadhani alikwenda wapi. Akasema hajui ila atajua akiandika.

Wiki ile nikawafungulia tovuti ya African Storybook kwenye simu yangu. Ni mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, bila malipo, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuifasiri hadithi au kutunga yake. Vitabu vyenyewe si vyote vizuri. Vingine ni vyepesi mno kwa mtoto aliyezoea Aisha na paka wake. Faida ilikuwa kwingine. Wadogo walipoona kwamba kitabu kinaweza kuandikwa na mtu kama mwalimu wa kijijini, wakachukua hadithi moja ya kuku wakaigeuza yote Kiamu, kila neno kwa mabishano. Walikaa robo saa kwenye neno mui. Mdogo wetu, yule wa paka, ndiye hakimu, na hukumu zake hazina rufaa.

Yule msichana hakutaka simu. Alileta daftari la mraba la hisabati, kurasa za nyuma, ameandika kwa kalamu ya bluu na kufuta sana. Alhamisi iliyopita alitusomea mwanzo. Saada wake ana miaka kumi na minne. Anaamshwa usiku na harufu ya mkate, anashangaa kwa nini bibi mkubwa anapika mwenyewe, wala hajamwita. Anapopewa kikapu anahisi kwamba ni kizito. Mkate wa wishwa hauna uzito ule. Anajua. Hakuna aliyemwambia, anajua kwa mkono wake, na njia yote mpaka gerezani anawaza atembeeje ili uzito usionekane.

Aliishia hapo. Alisema amekwama, kwa sababu hajawahi kuona mkate wa wishwa wala hajui tupa ina uzito gani, na hataki kudanganya.

Mabishano yalizuka. Mmoja akasema mkate ule ulikuwa kama mofa, mwingine akasema wishwa haishikani, lazima mama alitia asali. Wakati huo umeme ukakatika, tukabaki na mwanga wa simu moja, na wadogo wakaanza kuitwa na mama zao kutoka madirishani.

Alhamisi ijayo tutapika. Wishwa nimeahidiwa na mwanamke wa Langoni anayetwanga mpunga wake mwenyewe. Jiko nitalitoa nje uchochoroni, na msichana ataubeba mkate kikapuni kutoka kwetu mpaka gatini na kurudi, wengine wawe walinzi. Nilipouliza tupa tutaipata wapi, yule mvulana wa gredi ya nane alinyanyua mkono kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja. Akasema kwao iko moja, kubwa, ya kunolea misumeno. Ni ya babake. Ameitia mafuta isishike kutu.